Zamu Yangu Kwenye Moto

Kaka Emmett,

Nadhani huko Alaska, kwenye meli yenu ya samaki, unalala pakavu kuliko nilivyolala mimi wiki hii. Chuo hiki hakikufundishi kitu mpaka kwanza kikupeleke kulala milimani na wageni wenzako, eti mzoeane. Sawa, milima naijua. Hata maji tuliyosuuzia sufuria ya tambi nimeyanywa, maana kuyamwaga msituni ni marufuku. Lakini ya jana jioni yamenishinda!

Tulikaa kuzunguka moto. Kiongozi wetu Sloane, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, akataka kila mtu aeleze jambo lililomuumiza kuliko yote maishani. Bryce akalia kwa sababu ya talaka ya wazazi wake, wakampigia makofi. Makofi, Kaka!

"Haya, Lorna, zamu yako. Hapa uko salama."

"Sina la kusema."

"Jamani, usitubanie! Wenzako wote wamefunguka."

"Wamependa wenyewe. Mambo ya kwetu si kuni zenu za kuotea moto."

Leo njiani hakuna aliyetaka kutembea na mimi. Shauri yao! Watu niliowajua juzi tu, niwaambie wao kabla sijakwambia wewe?

Siku naondoka, Baba alinibebea begi mpaka kwenye gari. Akanipa mkono kwa adabu zote, kama anayeagana na mgeni, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Hakuwa anatania.

Rudi nyumbani, Kaka.

Mdogo wako,
Lorna