Mlio Ulionipeleka Kiwandani

Mpendwa Baba Kibet,

Najua hii barua huwezi kuisoma, na pasta akiniona nakuandikia atatikisa kichwa. Lakini kuna jambo la nyumba, na mambo ya nyumba sikuzoea kuyaamua peke yangu. Kibet aliitwa kule kiwanda cha chai. Walitaka achukue kazi pale boila, kuchochea ule mtungi wa mvuke, mahali pako, naye akasema hawezi kujibu kabla mimi sijasema neno. Alingoja bila kunisukuma. Unamjua, upole ni wako.

Neno halikuja. Si kwamba nilikataa. Tangu tukuzike mimi ni kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi: unauona uko, unasimama nao, lakini huusikii. Nachuna majani, nakamua, kanisani naimba. Watu wanasema Mama Kibet amejaliwa nguvu. Mimi nanyamaza, maana nikiwaambia si nguvu wataniuliza ni nini.

Unakumbuka uliponileta hapa nikiwa msichana, nikaona kiwanda ng'ambo ya bonde na moshi wake, nikakuuliza, "Na hiyo kitu ikipasuka?" Ulinishika mkono ukanipeleka jikoni, mahali nilikuwa nimeinjika maharagwe na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Ukakibonyeza kwa mwiko mpaka maji yakaanza kuruka pembeni, nikapiga kelele.

"Ona," ukasema. "Moto peke yake haina shida. Shida ni kubanwa. Mvuke ukikosa mlango, unajitengenezea."

"Sasa hiyo ndiyo kunituliza?"

"Kazi yangu ni kuhakikisha iko na mlango, mama. Wewe pika."

Nilipika, lakini nilikuwa napika nikisikiliza. Wake wote wa watu wa boila wanasikiliza, hata kama hakuna anayesema. Ukirudi jioni unanuka moshi wa kuni za mikaratusi, nakuuliza imeshindaje, kama mtu anayeuliza habari ya mtoto, nawe unasema, "Imeshiba, imelala." Hapo ndipo mimi nilikuwa nakaa chini. Miaka hiyo yote nilisikiliza boila, kumbe ningesikiliza kifua chako, ndicho kilichokuchukua.

Sasa nikuambie kilichotokea, kabla hujakisikia kwa wengine huko wanaofika.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, hakuna wingu. Nilikuwa shamba la juu na Mama Wambui, yule jirani wetu aliyenunua shamba kando ya barabara. Ghafla kukawa na mwangaza mkali kuliko jua. Kivuli changu kilizunguka mbele yangu juu ya majani chai kama cha mtu anayekimbia, na mimi nimesimama. Nilipoinua macho kulikuwa na mstari mweupe tu mbinguni, mnene, kama mtu amevuta chokaa.

"Ngai! Radi bila wingu?" akasema Mama Wambui.

"Hiyo ni ya Sigowet," nikamwambia. "Mvua ya huko haina adabu."

Tukangoja ngurumo. Wewe unajua hapa kwetu radi na ngurumo ni za kila siku, hatuna haja ya kushtuka. Tukangoja, ikakosa kuja.

"Imekuona ikaogopa," akanicheka. "Inama uchune, karani wa mizani hangoji mtu."

Tukainama. Tulikuwa tumeshasahau kabisa wakati ilipokuja. Baba Kibet, sijui nikuelezeje. Haikuwa sauti kwanza, ilikuwa kusukumwa. Hewa ilinigonga kifuani nikakaa chini kati ya mistari, kisha mlio ukafuata, na mwingine, na mabati ya zizi letu yakalia peke yake. Mlima wote, wanawake wakapiga kelele neno moja: "Boila!"

Hakuna aliyeangalia juu. Mahali pengine labda wangeangalia juu. Sisi mlio mkubwa tunaujulia nyumba moja tu, kiwanda. Tukatupa vikapu tukateremka, wengine wakiita waume, wengine watoto wao. Mimi nilimpita Mama Wambui na uzee wangu huu, nikaacha gamubuti moja kwenye matope pale kijito.

Kwa geti nilishika vyuma nikavitikisa. "Fungua! Baba Kibet yuko ndani!"

Mlinzi alikuwa yule mzee wenu, ambaye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lako. Akaja karibu, pole pole.

"Mama Kibet, boila iko sawa. Sikiza, inapumua."

"Yeye ametoka?"

Akavua kofia.

"Mama, Baba Kibet tulimzika."

"Najua," nikamwambia. "Ametoka?"

Nilisema hivyo. Nilikuwa najua, na sikuwa najua. Nikaona mkono kwenye bega, ni Kibet. Alikuwa anapeleka maziwa, akasikia mlio, akaacha mtungi kando ya barabara, kwa sababu alijua nitakuwa pale. "Mama, twende," akasema tu. Nikaenda, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila. Sikulia. Kina mama walilia kwa niaba yangu, nami nikawaangalia kama watu wanaolia ng'ambo ya bonde.

Baadaye Mwalimu Rono, yule wa sayansi, alipita nyumbani kuniangalia. Alikuwa na plasta kwenye shavu. Akasema kilikuwa kimondo, jiwe la angani, pengine kubwa kama nyumba yetu hii.

"Sasa limeangukia wapi?" nikamuuliza.

"Halijaanguka, mama. Limepasukia juu, mbali sana juu ya vichwa vyetu. Linakuja kwa mbio kuliko risasi yoyote. Hewa iliyo mbele yake inakosa nafasi ya kukimbia, inabanwa, inapata moto, mpaka jiwe linashindwa kuvumilia linavunjika. Zile mbio zote zinageuka mwangaza na joto na upepo kwa mara moja. Nguvu yake ni ya mabomu ya vita."

Nikaweka kikombe chini. Kubanwa. Nilitaka kugeuka nikuangalie, maana mahali pako palikuwa pale tu, kwa kile kiti. Ungempa Mwalimu habari ya maharagwe, mngekesha.

Akaniambia na ya shuleni. Watoto walipoona mwangaza walikimbilia madirishani kuona ule mstari. Mwangaza unafika papo hapo, lakini ule msukumo unatembea nyuma yake, unachelewa. Ulipofika uliwakuta wamebandika nyuso kwenye vioo. Vioo vikawaingilia. Mungu alilinda macho, lakini kuna walioshonwa.

"Nami nilisimama nao," akasema, akigusa ile plasta. "Nilikuwa nawaonyesha. Mtu akiona mwangaza wa namna hiyo anafaa kutoka dirishani, alale chini, angoje."

"Na kama lingekuja chini zaidi?"

"Hata haya majani chai yangelala. Na nyumba. Mengi hayafiki, mama, hewa inayamaliza huko juu."

Jumapili pasta alituomba tushukuru kwa hiyo hewa. Nilishukuru. Maneno yalitoka sawasawa, nikayasikia yakipita kama ya mtu mwingine.

Lakini kuna kitu kilinisumbua, na nakuambia wewe peke yako. Siku ile mlio uliposikika sikumfikiria Kibet hata kidogo. Mtoto aliye hai alikuwa barabarani chini ya anga hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nakimbilia aliyelala. Yeye ndiye alinikimbilia mimi.

Basi nilimwita akiwa anakata nyasi za ng'ombe.

"Hiyo kazi unaitaka?"

"Naitaka, Mama."

"Kwa sababu ya Baba?"

Akasimamisha panga. "Hapana. Ya Baba ilienda na Baba. Mimi naitaka kwa sababu naipenda."

"Basi nenda," nikasema. Nilisema hivi hivi, kama mtu anayesema leta chumvi. Nikangoja moyo useme kitu, haukusema. Nikaenda kuchuna majani.

Jana ilikuwa zamu yake ya kwanza. Wenzake walipita hapa jioni, nikawaona, akakosa kuwa nao. Giza likaanza kushika. Nikatoka mpaka kwa kona, nikarudi, nikatoka tena. Kifua kilinibana, nikaanza kuomba bila kupanga maneno: Bwana, huyu hapana, huyu hapana. Kumbe alikuwa kwa kibanda cha mandazi, wale wazee wa boila wamemkaribisha kazini, anakuja akitafuna.

Baba Kibet, nilimkemea! Nilimwita majina yote, mpaka ya upande wa mama yako. Mama Wambui akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna mwizi. Kibet akasimama na karatasi ya mandazi mkononi, akanitazama.

"Mama, tangu Baba aende sijakusikia ukipiga kelele."

"Na utanisikia! Ingia ndani ule!"

Nikampakulia. Nikaitua sahani mpaka ikagonga meza. Nikamwangalia akila, nikamshukuru Mungu, na safari hii nilijisikia nikisema.

Lala kwa Bwana, mume wangu. Wewe huhitaji kungojwa tena. Niache nimngoje huyu.

Ni mimi mke wako,
Mama Kibet