Nilikuhesabu, Mama

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua macho yako siku hizi hayashiki maandishi, kwa hiyo barua hii utasomewa, pengine na yule binti wa jirani anayekuchotea maji. Mwanzoni nilitaka kuandika kwa kuficha ficha, nikuombe radhi kwa maneno ya juu juu ambayo msomaji asingeyaelewa. Halafu nikasema hapana, na asikie. Asome kwa sauti, na akimaliza akawasimulie wenzake kisimani kwamba mkamwana wa huko Mazwi, Sumbawanga, kaandika hivi na hivi. Aibu ni yangu, na nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Sisi hatujambo, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Mwanao anaendelea na ufundi wake wa baiskeli pale karibu na stendi, mimi bado nakaanga maandazi asubuhi. Wajukuu zako wanakua na nguo zinawakimbia. Wale watatu wa marehemu wifi wanakuulizia kuliko wote, lakini hayo nitayafikia. Kwanza nikukumbushe siku uliyokuja, maana sidhani kama uliwahi kujua nilikupokea na moyo gani.

Ulishuka kwenye gari na watoto watatu, begi moja, na ungo umeufunga kwa kanga. Wifi alikuwa hajatimiza hata siku arobaini kaburini. Nilisimama pale stendi nikilia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila kichwani nilikuwa nimeshaanza mahesabu ya unga. Ndivyo nilivyo, Mama. Nimekulia nyumba ambayo anayechelewa kunawa hali. Ukanishika mkono ukasema, "Usihofu, Mama Furaha. Hawa hawajaja mikono mitupu. Wamekuja na Mungu wao." Nikaitikia amina, huku nawaza kwamba huyo Mungu wao angekuja na debe la mahindi ingefaa zaidi.

Jioni ile ile ukaniomba jiko. Mgeni haombi jiko siku ya kwanza, nikataka kukataa, lakini ulishavuta kigoda na kukaa. Uji ulipotokota ukaweka ungo wa unga mapajani, ukafumba macho, ukaanza kuita majina. Konzi moja ya unga, jina moja. "Baba Furaha." Ukamimina. "Mama Furaha." Ukamimina. Ukaenda hivyo hivyo kwa watoto wote, wangu na wa wifi, bila kuwatenga, mpaka ukafika kwa Tumaini wetu mdogo ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Mwisho ukachota konzi nyingine ukasema, "Na aliye njiani." Nikakuuliza ni nani huyo aliye njiani. Ukasema, "Simjui. Akifika tutamjua."

Na alikuwa anafika kweli, jambo lililonikera kuliko kunifurahisha. Mara fundi mwenzake Baba Furaha, mara mtoto wa jirani aliyefungiwa nje, mara mwalimu wa kwaya aliyepita kuulizia mazoezi akakaa mpaka sahani zikatoka. Nilikuambia siku moja, "Mama, tuhesabu watu wa humu ndani, tuwe na kipimo, tufunge mlango." Ukacheka mpaka ukashika kiuno. "Kuku tunawahesabu kwa sababu tutawauza," ukasema. "Hawa watoto utawauza kwa nani?" Nami nikacheka. Nilikupenda siku ile, Mama, naomba ulijue hilo kabla sijaendelea.

Maana ulitulisha. Sijui niseme vipi ili huyo anayekusomea aelewe. Ulikataza mahindi yasikobolewe, ukasema pumba ni chakula na mwenye mashine asitajirike kwa tumbo letu, tukala dona mpaka watoto wakaacha kulialia wakitaka ugali mweupe. Ulikuwa ukitoka kanisani huji moja kwa moja, unapita njia ya bondeni, unarudi na majani ya maboga kwenye upindo wa kanga, uliyopewa na mtu ambaye umemsaidia kupalilia kidogo ukiwa na nguo zako za Jumapili. Kipindi cha kupura maharage uliwafuata watu mashambani. Wakishaondoa magunia yao, wewe unapiga magoti na kuokota punje zilizodondoka kwenye nyasi, moja moja, ukiimba. Niliona haya. Nilisema majirani watadhani tunakunyima. Ukaniambia, "Wacha wadhani, mwanangu, mradi sufuria linachemka." Tulikula yale maharage hadi kipupwe kikaisha.

Halafu mwaka huu ukawa mgumu. Shamba tulilokodi halikutoa kitu, wewe mwenyewe uliyaona yale mahindi yalivyodumaa. Baiskeli zikaanza kuachwa, kila mtu anataka pikipiki, na Baba Furaha akawa anarudi na mikono misafi, dalili ambayo sote wawili tuliijua. Tukaanza kununua unga kwa kisado, na bei ya kisado cha leo haikuwa ya jana. Hapo ndipo nilipokunyang'anya ungo. Sikusema nakunyang'anya. Nilisema, "Mama, pumzika, umri umekwenda." Nikatafuta kikombe, nikahesabu vichwa, nikaweka vikombe. Aliye njiani nikamfuta. Ulikaa pembeni ukinitazama, na midomo yako ilikuwa inacheza kidogo. Nilijua unaita majina kimyakimya, likanikera hata hilo.

Sasa ile Jumapili. Najua unaikumbuka, na najua hujamwambia mtu.

Furaha alikuwa anapanga sahani, mimi natazama sufuria, na ugali ulikuwa mdogo kwa macho yoyote yale. Nikamwambia Furaha, "Tupo kumi na mmoja. Tungekuwa kumi ungetosha." Mtoto kwa ujinga wake akauliza, "Atoke nani sasa?" Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nitatoka mimi, kama mama yeyote angesema. Badala yake nikacheka, mwiko mkononi, nikasema, "Atoke asiyekwenda shule wala kazini."

Wewe ulikuwa nyuma ya ukuta wa jiko unapepeta, kazi pekee ya ungo niliyokuachia. Nilisikia ungo umenyamaza. Nikangoja. Halafu ukaanza tena, taratibu, na mimi nikajiambia kwamba hukusikia, kwa sababu kujiambia hivyo kulikuwa rahisi. Tulipokaa kula ulisema uji wa asubuhi umekushibisha, ukasogeza sahani yako kwa watoto wa wifi. Siku chache baadaye ukaniambia kwamba umekumbuka shamba lako la Msanzi, mvua zinakaribia, na nyumba isiyolaliwa inaoza.

Mama, mimi sikukuzuia. Hili ndilo linaloniuma kuliko hata lile neno, kwa sababu neno lilinitoka bila kufikiri, lakini hili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Nilijua paa la nyumba ile linavuja. Nilijua jembe lenyewe huliwezi zaidi ya matuta mawili bila kukaa chini. Ningesema tu, "Mama, usiende," ungeketi. Ulinipa nafasi mara tatu nne, ulikuwa unafunga begi na kulifungua, unatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Mimi nikakusaidia kulifunga. Nikakubebea mpaka stendi. Nikakutafutia kiti cha dirishani kama mtu mwema. Gari lilipoondoka nilipunga mkono, na nilipogeuka kurudi nyumbani nilijisikia mwepesi. Mwepesi, Mama! Niliwahi sokoni nikiimba.

Mwanao aliporudi akauliza, "Mama kaondoka hivi hivi, hata hakunisubiri?" Nikamjibu, "Si unamjua mama, kakumbuka shamba." Wajukuu nao nikawaambia hivyo hivyo.

Jioni ile sahani zilijaa. Nakiri kwamba nilifurahi. Lakini haikupita hata wiki mbili, unga ukawa unaisha upesi kuliko ulipokuwepo. Nikadhani muuza unga anatupunja, nikadhani Furaha anampa rafiki yake. Kumbe mimi nilikuhesabu mdomo, sikuhesabu mikono. Hakuna tena anayepita bondeni, majani ya maboga tunanunua. Hakuna anayejua mtaa gani wana maparachichi yanayodondoka hovyo. Watoto wamerudi kudai unga wa kukoboa, na mimi sina maneno yako ya kuwatulizia. Na huo mdomo wenyewe, nikikumbuka vizuri, ulikuwa unakula nini? Katika majina yote uliyokuwa ukiita pale jikoni, sijawahi kusikia lako.

Ila sikuandiki kwa sababu ya majani ya maboga. Usije ukadhani nimekosa mtumishi.

Nilikutana sokoni na mama mmoja wa Msanzi anayeuza maharage. Nikamuuliza kama anakufahamu. "Bibi wa ungo?" akasema. "Yupo. Anapika sufuria kubwa, anaita majina ya watu ambao hatuwajui, halafu anawaita watoto wetu waje kula." Akacheka kwa upendo tu, hakujua anazungumza na nani. "Lakini amekonda," akaongeza. "Tukimwambia ale, anasema anasubiri watu wake." Nilimlipa, nikasahau maharage pale pale mezani kwake, ikabidi anikimbilie.

Hata hapo, Mama, sikusema kitu nyumbani. Niliogopa. Baba Furaha ni mpole, lakini jambo likikuhusu wewe si mpole, na nilijiuliza akilijua lile neno atanitazamaje. Nikaendelea kunyamaza, nikaenda hata kwenye jumuiya nikasali kwa sauti kuliko wote, nikiomba Mungu awakumbuke wajane walio peke yao. Mnafiki mkubwa. Aliyenitoa huko ni Tumaini.

Unakumbuka ulivyomfundisha kusali? Ulimwambia Mungu hapendi kuzungushwa, mwambie unachotaka kisha unawe. Basi juzi ilikuwa zamu yake ya kubariki chakula. Akafumba macho kabisa, akasema, "Mungu, asante kwa ugali. Naomba mvua isinyeshe kwenye shamba la Bibi. Mahindi yake yote yakauke, ili asiwe na shamba, arudi nyumbani. Amina."

Wale watatu wa wifi wakaitikia amina kwa nguvu. Na wenzao wakafuata. Baba Furaha akaanza kumkemea, "We mtoto, unamwombea bibi yako njaa?" Tumaini akamwangalia kwa mshangao. "Si mama alisema ameondoka kwa sababu ya shamba?"

Wote wakanitazama mimi, si kwa sababu walijua, bali kwa sababu walingoja nijibu. Nikaona kwamba uongo wangu umemfundisha mtoto wa miaka mitano kumwombea bibi yake ukame, tena kwa upendo. Nikasema. Pale pale, mbele ya watoto, nikasema Bibi hakuondoka kwa sababu ya shamba, aliondoka kwa sababu mama alimhesabu, akamwona amezidi. Nikalirudia lile neno kama nilivyolisema. Furaha akaanza kulia, kwa kuwa alilikumbuka. Mwanao hakunipigia kelele. Alirudisha tonge kwenye sahani, akanawa mikono, akatoka nje. Watoto walikula sehemu yake, na mimi sikuweza hata kuwakataza.

Tangu juzi ananijibu ninapomuuliza, na hazidishi neno. Jana aliniambia kitu kimoja tu: "Utakwenda wewe kumchukua. Si mimi." Ana haki.

Kwa hiyo Jumamosi nakuja. Sitakuja na zawadi ya maana, usitazame mikono. Najua utataka kuninyamazisha kabla sijamaliza, utasema yamekwisha, kaa ule. Nakuomba usinirahisishie. Niache niseme yote, nikiwa nimepiga magoti au nimesimama, utakavyotaka. Ukisema hurudi, nitalala hapo nikupalilie shamba, kisha nirudi nikamwambie mwanao kwamba umekataa na kwamba una sababu. Ukisema unarudi, jiko ni lako siku hiyo hiyo, na kikombe changu cha kupimia nitamwazima jirani asinirudishie. Sina ahadi ya chakula kingi, Mama. Hali bado ile ile. Nina ahadi ya kwamba hutakaa tena katika nyumba yangu ukijiuliza kama umezidi.

Nimemwita Tumaini, nimemweleza kwamba Bibi atapata shida mahindi yakikauka, nikamwomba aiondoe ile sala. Amekataa. Anasema ataiondoa wewe ukishaingia mlangoni, si kabla. Na hapa Sumbawanga, Mama, katikati ya msimu wa mvua, toka ameomba hakujanyesha hata tone.

Uwe na amani mpaka Jumamosi,

Mkamwana wako aliyekukosea,
Mama Furaha