Tumbo Namba Hamsini

Jumanne, 7 Juni 1994

Siku ya mashine. Jenereta limekubali saa tatu, baada ya Salehe, mpiga picha wetu, kulitukana vya kutosha. Watu kumi na mmoja wa eksirei, sita matumbo.

Namba mpya za malipo nimezibandika kwenye dirisha langu la mapokezi tangu mwezi uliopita na bado wananiuliza. Tumbo picha moja, amelala: 41. Picha mbili, amelala na amesimama: 42. Mjamzito: 50, halipi, hapigwi picha, anapelekwa kliniki ya mama. Bibi mmoja wa Bungu kanijia juu. "Tumbo ni tumbo, Bwana Karani. Hayo manamba ya nini?" Nikamwambia siku hizi hata matumbo yana madaraja. Kacheka, kalipa.

Mimi nazipenda. Zamani daftari hili lilikuwa gulio, kila mtu anaandika lake. Sasa mstari mmoja, namba moja, kwisha.

Alhamisi, 9 Juni

Watu wengi, mafuta ya jenereta kidogo. Salehe anapiga kelele tufanye upesi.

Amekuja mjane kutoka Ngorongo, Bi Mwajuma. Yumo edani. Kajifunika gubigubi, neno hasemi. Msemaji wake ni shemeji yake, Bwana Rashidi, mdogo wa marehemu. Barua ya zahanati imeandikwa kwenye kipande cha boksi la dawa, karatasi huko hakuna. "Ana tumbo tangu miezi minne." Na mume amekufa miezi minne sasa. Hesabu imekaa yenyewe. Nimeandika 50, nimegonga muhuri kwenye kadi: MJAMZITO. Nikawaambia kliniki ya wapya ni Jumatatu.

Rashidi kausoma muhuri mara mbili, kisha kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Miaka kumi na tano ya ndoa kaka yake hakupata mtoto. Kafa hivyo hivyo. Eda ilikuwa iishe wiki ijayo, akasema, lakini sasa haiishi mpaka shemeji ajifungue, basi atatulia ndani na watamtunza. Mjane alikuwa analia ndani ya kanga. Nilifurahi nao. Nilijiona mkubwa.

Ijumaa, 10 Juni

Manyunyu. Wino mwekundu umekwisha, nimeomba mwingine. Hauna haraka, ni wa kusahihishia makosa tu.

Jumamosi, 11 Juni

Nimemsimulia mke wangu habari za mjane wa Ngorongo. Nilidhani atapiga vigelegele. Zuhura akaendelea kuchambua mchele. Akauliza, "Yeye mwenyewe ulimuuliza?"

Mwanamume nitamuulizaje mwanamke aliye edani habari za siku zake, mbele ya shemeji yake? Nimemwambia hivyo. Akasema haya, karani ni wewe. Sipendi anavyolitamka neno "karani".

Jumatatu, 13 Juni

Bi Mwajuma hakuja kliniki. Muuguzi kaniambia wala hajamwona.

Mchana nikapanga barua za wiki iliyopita kwenye faili. Kile kipande cha boksi hakikutoboka vizuri, nikakigeuza. Kumbe kimeandikwa pande zote mbili.

Nanakili hapa kama kilivyo: "Linajaa gesi na kuuma. Hapati choo sawasawa, mara anatapika. Nimempima, sioni mimba. Naomba picha ya tumbo, amelala na amesimama."

Tumbo linalomuuma. Si tumbo la mtoto. Neno ni moja, na mimi nikachukua lile nililolitaka. Ilikuwa 42, nikaandika 50.

Nilikaa kwenye kiti mpaka watu wa zamu ya jioni wakaingia. Sikumwambia mtu. Nimeona haya, na nimeogopa. Miaka ishirini na mbili sijawahi kuitwa ofisini kwa kosa.

Jumanne, 14 Juni

Sikulala. Asubuhi nimekwenda kwa Dakta na kile kipande. Kakisoma mbele, kakigeuza nyuma, kakirudisha mbele. Hakugomba. Afadhali angegomba. Akasema kama utumbo umejisokota haungoji miezi, siku moja unafunga moja kwa moja na mtu anakufa. "Nenda kamlete." Gari ya hospitali iko juu ya mawe, haina magurudumu. Ni juu yangu.

Salehe kaahidi kuniwekea mafuta na filamu mbili za Alhamisi. Wala hakunitania, na yeye hunitania kwa kila kitu.

Zuhura anajua sasa. Kanifungia maandazi ya njiani. Amenionea huruma, ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jumatano, 15 Juni. Ngorongo

Lori la saruji mpaka Mkongo, kutoka hapo baiskeli ya kukodi. Njia nzima napanga maneno.

Ua mzima una furaha. Mawifi wamemzunguka, uji wa pilipili manga umo jikoni, mmoja ananiambia kwa fahari kwamba wifi yao anatapika sana, hiyo ni mimba ya kiume. Astaghfirullah. Tangu juzi anatapika na wao wanashangilia.

Nimemweleza Rashidi barazani. Nimemtolea kipande cha boksi, nikamsomea upande wa pili. Sauti yake ikapanda. "Muhuri si wako? Si wewe uliyegonga?" Ni wangu, nikasema. "Tumekwisha kuwaambia watu! Hata jina tumeshampa!"

Bi Mwajuma alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Ndiyo mara ya kwanza nimeisikia sauti yake. Nzito, haina papara.

"Mwache, Rashidi. Hana kosa kunishinda mimi. Siku zangu nimeziona tangu Jumapili. Nikanyamaza."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Akasema mwenyewe. "Mama mtu, mama mtu, kila anayepita. Nikasema niache niitwe hivyo wiki moja."

Rashidi akaondoka, akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi macho mekundu. Kasema atatafuta gari usiku huu huu.

Nalala kwa imamu wa msikiti. Simlaumu yule mama hata kidogo. Nilimpa mimi, kwa muhuri, mbele ya watu.

Alhamisi, 16 Juni

Pikapu ya mihogo. Kakaa mbele na dereva, tumbo gumu, midomo imekauka. Mimi na Rashidi juu ya magunia. Tulipofika Kibiti kaninunulia chai.

Safari hii nimetoka dirishani. Nimekaa naye kwenye benchi na Zuhura, niliyemwita, kando, nikauliza kila kitu, naye kajibu kila kitu. Kumbe inawezekana.

Picha ya kwanza amelala. Ya pili amesimama, Zuhura kamshika mpaka dakika ya mwisho. Salehe kaziinua kwenye mwanga, zote bado zinadondosha maji. Ile ya kulala, utumbo umevimba tu. Ile ya kusimama, mistari ya maji imekaa wazi, hewa juu: utumbo umefunga. Ndiyo maana zinatakiwa mbili. Miezi yote naandika 42 na sikujua namba hiyo inatafuta nini.

Saa tisa kaingizwa chumba cha upasuaji.

Nimechukua ile kadi yenye muhuri, nimempa mpya. Ya zamani iko kwenye droo, kanuni yasema ichanwe.

Ijumaa, 17 Juni

Yu hai. Utumbo ulijizungusha, Dakta kakata kipande. Akasema zingepita siku mbili tatu zaidi angemkosa. Nimeswali Ijumaa, nimekaa msikitini mpaka wakafagia.

Jumatatu, 20 Juni

Eda yake imekwisha akiwa wodini. Mawifi wamekuja kutoka Ngorongo. Zuhura kapeleka kanga mpya na udi, muuguzi kawakatalia udi. Wamemwosha kwa kitambaa kitandani.

Wino mwekundu umefika. Mstari wa tarehe 9 nimeukata, nimetia sahihi yangu pembeni. Hesabu ya hamsini mwezi huu imepungua mmoja.

Alhamisi, 30 Juni

Siku ya mashine. Matumbo manne. Kila barua naigeuza, hata zisizo na kitu nyuma. Salehe ananitania tena.

Bi Mwajuma karuhusiwa. Kapita dirishani, uso wazi, amekonda. Kaniuliza ile kadi ya kwanza iko wapi. Nikamwambia ile ina kosa. Akasema anajua ina nini.

Nimefungua droo, nimempa. Kaikunja mara mbili, kaifunga kwenye pindo la kanga, kaniaga kwa heri. Rashidi alikuwa anamngoja barabarani.

Kwenye daftari la kadi zilizoharibika nimeandika: moja, imechanwa.