Damu Niliyomwandikia Espérance

Malvern, Jumapili, 10 Juni 2012

Baridi ya leo huku kusini mwa Afrika haina adabu. Jua lipo, jeupe kabisa, lakini halipashi kitu. Nimevaa soksi mbili mbili na bado vidole vinaniuma. Nimejikunja kitandani, kompyuta juu ya magoti, na nina jambo ambalo nimelikwepa kwa miezi minane.

Nilimnyang'anya mwenzangu nafasi yake kazini. Nilimnyang'anya kwa herufi moja tu.

Ninahudumia wateja katika mgahawa wa Kijapani kule Midrand. Bosi wetu, Bi Haruko, ni mwanamke mpole anayepanga hata vitambaa vya kufutia meza kwa rangi. Pale nimejifunza mengi. Wateja wa kwao wakila tambi za mchuzi huzivuta kwa kelele, mgahawa mzima usikie, na hiyo ndiyo heshima kwa mpishi. Bibi yangu Tanga angekuzaba kofi la kisogo. Dirishani tumepanga vyakula vya plastiki, vimetengenezwa vizuri mpaka kuna bwana mmoja aliingia akang'ang'ania apewe kile kile cha dirishani. Hayo nimeyazoea, na mengine nimeyapenda.

Lililonishinda ni la damu.

Bi Haruko anaamini tabia ya mtu imo katika kundi lake la damu. Si yeye tu; anasema kwao watu huulizana kundi la damu kama sisi tunavyoulizana kabila. Wa A ni makini na wa kuaminika. Wa O ni mchangamfu. Wa AB huwezi kumjua leo kaamkaje. Wa B hufuata la kwake na kuwaacha wenzake njiani. Ameyabandika yote ukutani karibu na choo cha wafanyakazi, kwa Kiingereza na kwa michoro. Nisicheke sana, maana kwetu Tanga mtu husomewa nyota kwa jina la mama yake, na uchumba huvunjika kwa hilo. Nyani haoni kundule.

Siku ya kuajiriwa tulikuwa wawili, mimi na Espérance. Yeye ni Mrundi, jirani yangu hapa, chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja. Kifaransa anasoma, Kiingereza hasomi, kwa hiyo fomu zote mbili nilizijaza mimi. Swali la mwisho liliuliza kundi la damu. Hakuna kati yetu aliyejua lake. Kwangu nikaandika A. Kwake nikaandika B.

Kwa miezi yote hii nimejiambia kwamba niliandika tu, kama shuleni, darasa la sita A na darasa la sita B.

Uongo. Nilikuwa nimetoka chooni dakika tano kabla. Yale ya ukutani nilikuwa nimeyasoma yote, na nilijua kwamba mbele, kwa wateja, anatakiwa mtu mmoja.

Mbele nikapewa mimi. Espérance akapelekwa nyuma kuosha vyombo, yeye ambaye mikono yake imetulia kuliko yangu mara mia. Tena alinishukuru kwa kumjazia ile fomu. Alinipikia hata ndizi.

Alhamisi mchana tulizidiwa na wateja, Espérance akaitwa kutoka nyuma aje kusaidia mbele. Akapeleka bakuli la wali kwa mzee mmoja wa Kijapani. Vile vijiti vya kulia alivisimamisha katikati ya wali ili visidondoke njiani. Mimi nisingeliona kosa pale, na nina hakika yeyote wa kwetu angefanya vile vile. Kumbe kwao wali wenye vijiti vilivyosimama ni wa kumwekea maiti. Mzee alilitazama bakuli, akafuta mdomo, akaondoka. Bi Haruko alimfuata mpaka mlangoni akiinama na kuinama.

Aliporudi hakufoka. Ningefurahi kama angefoka. Alimshika Espérance bega, akaniambia nimweleze kwamba si kosa lake, ni damu yake ya B, watu wa B ndivyo walivyo, hawawezi kujizuia.

Nikamweleza. Sikuacha neno hata moja.

Jana tunarudi nyumbani, tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale Jules Street, akaanza kunisimulia jambo ambalo hajawahi kuligusa. Walipokuwa wanakimbia vita kwao, mguu wa mama yake ulikuwa umevimba. Mama akasema apumzike kidogo. Kundi lilikuwa linaondoka, na Espérance, akiwa na miaka kumi na tisa, akaondoka nalo. Hakumwona tena.

"Miaka yote najiuliza, dada, ni roho gani ile niliyokuwa nayo," akaniambia. "Sasa bosi amenijibu. Ni damu. Mie niliumbwa hivyo."

Aliyasema kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alitabasamu hata. Mimi nikatazama magari.

Sikulala vizuri. Leo ametoka kanisani akapita kwangu, bado na kilemba chake cha ibada, kaniletea maharage. Kabla hajakaa nikamwambia yote: fomu, choo, ukuta, nafasi moja. Nilisema haraka haraka, nikijua nikipumua nitaacha.

Nilitarajia anitukane. Nilitamani anitukane, niombe msamaha, tulie wote, yaishe. Ndiyo, hata katika kutubu nilikuwa najitafutia nafuu yangu.

Aliniuliza swali moja tu. "Kwa hiyo damu yangu huijui?"

Nikasema siijui. Niliibuni.

Akaweka maharage mezani polepole, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kosa lolote.

"Bon, sawa," akasema. "Basi ni mie mwenyewe niliyemwacha mama."

Akatoka. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliurudisha taratibu, kama anavyofanya siku zote.

Nimekaa hapa tangu saa saba. Kesho asubuhi nitamwambia Bi Haruko ukweli, na nikipelekwa kwenye masinki nitakwenda, nikifukuzwa nitaondoka. Hilo nimeliamua na wala halinitishi. La Bi Haruko lina dawa. La Espérance ndilo silijui. Nilimpa uongo, akaugeuza mto wa kulalia, na leo nimeuvuta chini ya kichwa chake nikaita huo ukweli. Ningenyamaza ningekuwa mwizi. Nimesema, na sasa sijui mimi ni nani.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mguu wa mama ulikuwa umevimba, na watu walikuwa wanakimbia kuokoa roho zao. Hakuna herufi inayohitajika hapo. Kwa nini sikumwambia hivyo jana kwenye robot, badala ya kutazama magari?

Upande wa pili wa ukuta anafua. Jumapili akifua huimba. Leo nasikia maji tu.

Nazima kompyuta. Nakwenda kumpigia hodi.