Nimempata Aliyelitengeneza Bakuli Lako

Mama yangu mpenzi,

Nimempata fundi aliyelitengeneza bakuli lako. Najua barua hii haina wa kuipeleka, lakini habari hii siwezi kukaa nayo peke yangu, na wewe ndiye uliyestahili kuisikia kabla ya wote.

Nakumbuka siku uliyorudi nalo kutoka Ras Kitau, kwenye ile hoteli ya wageni ulikokuwa ukifua mashuka. Ulilikumbatia ndani ya leso. Bakuli la kioo, kijani, mdomo wake umepinda upande mmoja. Uliliweka kwenye kidaka cha ukuta wa ukumbini, ukarudi nyuma hatua mbili kulitazama. "Nimepawa na fundi wa vioo wa hotelini," ulisema. Sikuwahi kukuona ukifurahia kitu chako mwenyewe namna ile. Vingine vyote ulivifurahia kwa ajili yetu.

Wiki haikuisha, msimamizi akasema kuna bakuli limepotea. Uliambiwa ukae nyumbani mpaka uitwe, na hukuitwa tena. Mama mdogo Bi Fatma, nduguyo wa tumbo moja, akaja mbio. "Lirudishe, usitutie aibu!" Ukamjibu, "Mwenye kulifanya yupo. Mwulizeni." Lakini fundi alikuwa amekwenda kwao bara kuzika, na baadaye hakuna aliyejishughulisha kumtafuta.

Nami, mama, sikuwa bora kuliko wao. Nilikuwa kidato cha pili, na wenzangu walishaanza kunong'ona. Nilikufuata jikoni ukikuna nazi, nikakuuliza, "Kweli hukulichukua?" Mkono wako ulisimama. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Hata wewe, mwanangu?" kisha ukaendelea kukuna. Kesho yake kidaka kilikuwa kitupu, na hatukulitaja tena bakuli lile mpaka ulipotangulia mbele ya haki.

Mwezi uliopita nilikuwa nikizitoa nguo zako sadaka, nikalikuta chini kabisa ya sanduku. Nililifuta vumbi kwa leso yako. Kisha nikalipeleka mjini kwa Bwana Athmani, yule muuza vitu vya kale, nikamwuliza kama anaweza kujua ni kazi ya nani. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye kitako.

"Si la kale," alisema. "Limepulizwa kwa mkono. Kovu hili ndipo lilipokatwa kwenye chuma cha kupulizia. Na hili tone la buluu limewekwa makusudi, ndiyo sahihi yake. Taa za hoteli za Ras Kitau zina tone kama hili. Aliyezifanya sasa anakaa Matondoni. Kamwulize Mutua."

Nilikwenda siku ileile. Nilimkuta uani kwake akipanga chupa tupu kwa rangi zake, mikono yote ina alama za moto. Kabla sijamaliza salamu, macho yake yalikuwa kwenye bakuli.

"Hilo ni la Bi Zuhura," alisema. "Hajambo?"

Nilimwambia nguo zako nimezitoa sadaka. Alipoelewa, alivua kofia yake. Ndipo akanieleza kwamba bakuli lilipinda lilipokuwa likipoa, wenye hoteli wakalikataa bila msimamizi kujua, naye alikuwa tayari kulivunja aliyeyushe upya. Ukamwambia, "Usilivunje, nipe mimi." Akakupa kwa moyo mmoja, kwa sababu ulimletea uji siku zote alizolala na homa. Aliporudi kutoka kwao aliambiwa umeacha kazi kwa hiari yako.

"Kumbe ni kwa ajili ya hili?" aliniuliza. "Na mimi niko hapa hapa miaka yote!"

Kesho yake alikuja mjini bila kuombwa, akamweleza Bi Fatma yote. Mama mdogo alijifunika uso kwa mtandio. "Nilimnyima neno moja tu," alisema, "la kumwambia namwamini." Usimkasirikie, mama. Amezeeka, na alikuwa akiiogopea heshima ya nyumba yenu. Alisimama palepale akaniambia nimshike mkono, tukapita kila nyumba ambayo wakati ule alikwenda kukuombea radhi kana kwamba kweli uliiba, akisema mlangoni, "Zuhura hakuiba. Mimi ndiye niliyekosea."

Nyumba ya tatu, mwenyewe alituangalia kwa mshangao. "Bakuli gani?" aliuliza.

Alikuwa amesahau, mama. Tena hakuwa peke yake. Jambo lililokufanya uache kwenda harusini, uwe ukipita vichochoro vya nyuma, wao lilishawatoka akilini zamani. Nilikaa kwenye baraza yake nikalia, Bi Fatma akinipapasa mgongo.

Nikifika kaburini kwako nakusomea Fatiha, kisha nakaa kimya, kwa sababu nililopaswa kukwambia lilikuwa la siku ile jikoni, nawe ukiwa hai wa kunisikia. Ulinipikia siku ile kama kawaida. Ulinitilia samaki mkubwa.

Mola akupe nuru huko uliko. Nipe radhi zako, mama.

Mimi binti yako, niliyekuuliza.