Maji Yaliyogoma Kuiva

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya ishirini na nne tangu nijaze tangi la samaki la kliniki. Kipimo cha amonia bado nne. Jana nne, juzi nne. Kijani kile kile kwenye kichupa, kama kimechorwa!

Naandika nisije nikamfokea mtu. Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Tangi halina samaki, kwa hiyo natia matone ya amonia mwenyewe — ndiyo chakula cha vijidudu wa kwenye chujio. Wakaanza kuila. Ikashuka. Ikatokea nitriti, nayo ni sumu, ila wapo vijidudu wengine wa kuila hiyo. Wote wakishazoea kazi, maji yameiva, samaki waingie. Ndivyo kinavyosema kijitabu kilichokuja na vichupa vya kupimia.

Sasa wamegoma. Hawali, hawasemi.

Mwaka jana tulitia samaki kumi na mmoja kwenye maji ya siku moja. Siku sita, kwisha. Aliyewatoa ni mimi, kwa kikombe, mmoja mmoja, kabla wagonjwa hawajaingia. Mtoto mmoja mwenye shavu limevimba akaniuliza yule wa njano yuko wapi. Nikasema amelala. Uongo ule unaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana safari hii nilimwambia daktari tangi niachie mimi. Sikubembeleza. Miaka tisa napiga deki kliniki hii ya meno, nakijua kila kigae. Akanitazama, akasema haya mama, ni lako.

Ni langu!

Jumanne, 4 Machi

Mpokezi kaniuliza tena: dada, hayo majani ndiyo mapambo tu, au kuna siku tutaona kiumbe? Nikamwambia kiumbe utamwona ukijitazama kwenye kioo. Tumecheka.

Nimempigia muuza samaki. Anasema mama, unajisumbua bure, tia tu, watazoea. Watazoea! Mwaka jana walizoea kufa.

Nyumbani nako mume wangu analalamika ameolewa uke wenza na sanduku la maji. Nimemsahihisha: wewe ndiye umeoa, na sanduku halikuombi chai.

Amonia nne.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari ameshaagiza samaki! Wataletwa tarehe ishirini na moja, kwa sababu wiki inayofuata watoto wa shule watakuja kukaguliwa meno, darasa baada ya darasa. Wakae watulie huku wanatazama samaki, badala ya kusikiliza mashine.

Nikamwambia, "Daktari, maji yasipoiva, samaki hawaingii."

Akasema, "Mama, nimeshawaahidi walimu."

"Mimi sijawaahidi samaki kifo."

Sijui ulimi ule niliutoa wapi. Mpokezi alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Daktari hakukasirika. Alisema basi tafuta kinachowazuia. Akaingia kwa mgonjwa.

Nitafute wapi? Chujio linazunguka. Joto sawa. Maji si ya bomba, kusudi dawa wanayotia kwenye maji ya bomba isije ikawaua vijidudu. Nilikinga ya mvua, safi kabisa, kwenye pipa la nyuma. Mimea inaota. Kila kitu sawa, isipokuwa hakuna kinachokwenda.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekipata! Nimekipata mwenyewe! Ngoja niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nafuta kioo cha tangi. Kuna konokono wadogo, walikuja wamejificha kwenye mimea. Nikaona mmoja gamba lake lina madoa meupe, limechimbika. Mwingine vilevile. Mwingine ncha imelika yote, kama chaki iliyoloa. Nikasema hawa nao wana nini?

Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Alikuwa anamwambia mama mmoja habari za mwanawe na soda za chupa. Maneno yale nimeyasikia mara elfu, naweza kuyasema usingizini: asidi inakula jino, inaanza na doa jeupe, halafu shimo.

Doa jeupe. Halafu shimo!

Nimesimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake. Gamba la konokono na jino, si vyote vigumu, vyeupe? Maji yangu ni makali, yana asidi!

Kwenye boksi kuna kichupa cha kupimia ukali wa maji. Sikuwahi kukifungua, nilikuwa nahangaika na amonia tu. Matone matatu. Njano. Njano kabisa, chini ya sita, na namba ikishuka ndivyo ukali unavyozidi; karatasi ya kulinganishia haina rangi ya chini kuliko hiyo. Nikarudi kwenye kijitabu, ukurasa niliouruka: maji yakiwa makali hivyo, vijidudu wanalala.

Na nani aliyewalaza? Mimi na mvua yangu safi. Maji ya mvua karibu hayana chokaa, ile inayopunguza ukali, na udongo mweusi wa mimea unavuta maji kwenye ukali. Kachokaa kadogo kalikokuwamo, vijidudu wenyewe wamekamaliza kwa kazi yao. Safi mno kumbe nako ni kasoro!

Nimemwita daktari aje aone konokono. Aliinama, miwani puani, barakoa kidevuni.  Kisha akasema, "Mama, hili ni jino lililooza." Nikasema ndiyo, na wewe ndiye uliyenifundisha. Alicheka mpaka mgonjwa akachungulia.

Leo nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Sikutaka kukaa kwenye gari.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi. Konokono wote ndani ya mtungi wenye maji ya bomba yaliyolala siku mbili wazi, dawa imetoka. Nusu ya maji ya tangi nje, ndoo kwa ndoo. Maji ya bomba yaliyolala ndani. Soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai, nimeikoroga pembeni kwanza. Vipande vya mawe ya chokaa kwenye kimfuko, ndani ya chujio. Mgongo wauma. Kipimo cha ukali: kimetoka njano, kimekuwa kijani. Saba hivi.

Chujio lenyewe sikuligusa wala kulisuuza. Waliolala humo ndio mtaji wangu.

Jumatano, 12 Machi

Amonia mbili. Lakini ni zile mbili zilizobaki baada ya kutoa nusu ya maji. Haijashuka.

Je, kama hawakulala? Kama wamekufa? Mpokezi leo hakutania. Hilo ndilo limenitisha zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

MOJA!

Na nitriti zambarau kama biringanya! Wameamka! Nimempigia kelele mpokezi, akaja mbio akidhani nimeteleza. Nikamwonyesha kichupa. Akasema dada, mimi sielewi kitu, lakini hongera. Akanikumbatia na ndoo yangu.

Jumanne, 18 Machi

Nilitia amonia jana asubuhi. Leo asubuhi sifuri. Njano safi. Siku moja tu wameimaliza! Nitriti bado zambarau, wale wa pili ni wazito. Nimebadilisha tena sehemu ya maji kuwapunguzia mzigo.

Muuza samaki alipita kupima upana wa tangi. Nikamweleza mambo ya mvua na chokaa. Mwanzoni alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto. Kisha akauliza, "Mama, soda kijiko kizima?" Kisha akatoa simu akaandika! Anasema dukani kwake kuna tangi moja kila wiki linaua, naye pia hutumia maji ya mvua.

Nimemwambia mume wangu. Akauliza, huyo ndiye aliyesema tia tu? Huyo huyo. Akasema basi huyo mke mwenzangu wa maji ana akili. Kwake hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 20 Machi

Samaki wamekuja leo! Siku moja kabla! Daktari kawapitia dukani njiani, akaingia na mifuko miwili ya plastiki, samaki saba, wadogo, mistari ya fedha ubavuni. Jana nitriti ilikuwa na zambarau hafifu. Hafifu, lakini ipo.

Mpokezi akauliza, "Daktari, tuwaweke?"

Daktari akasema, "Usiniulize mimi. Muulize mama."

Nimechota maji. Matone matano ya kipimo cha nitriti. Nimetikisa. Dakika tano za kusubiri rangi, kichupa kiko kwenye rafu, nimekipa mgongo nisikichungulie. Naandika kwenye magoti.

Nikiona buluu ya mbingu, yaani nitriti sifuri, wanaingia. Nikiona zambarau, hata kivuli chake, wanarudi dukani, na walimu wataambiwa. Nimeshamwambia daktari hivyo mbele ya watu. Amesema sawa.

Dakika mbili zimekwisha. Tatu.

Daktari amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Miaka tisa sijamwona akikaa pale. Mifuko mapajani, ameishika kwa mikono miwili. Ndani kuna mgonjwa wa saa tatu, na daktari hajamwendea.

Ameinua mifuko kidogo, ananitazama. Nimemwonyesha kidole kimoja — dakika moja.

Ameirudisha mapajani. Anasubiri.