Siku ya Kumi na Tano Duarani

4 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mama ni vilevile, tangu apooze hainuki kitandani, na mkono wa kushoto haujarudi. Anauliza kama vidole vyako bado vinachubuka kwa sabuni za hoteli.

Tumerushiana maneno ya kutosha. Mimi kiwanda cha uchapaji kinaningoja mwezi wa sita, mji wa mbali. Wewe ukiacha udobi hurudishwi. Ndiyo maana nilikubali wazo lako: turudie mashindano ya sumo aliyoyapenda Baba, yale ya kwenye gazeti lake kuukuu, wanene wakisukumana nje ya duara siku kumi na tano. Kadi za wanamiereka wale alizotukatia bado zipo. Wewe na Mlima wako, mimi na Nyundo wangu. Atakayeshindwa akae na Mama.

Nimetupa dadu za siku kumi na nne, kila mmoja wao na wapinzani wengine. Wamefungana, ushindi kumi na mbili kila mmoja. Kwenye gazeti Mlima ndiye aliyemtoa Nyundo siku ya mwisho, lakini dadu hazisomi magazeti. Nakutumia zote mbili, nyekundu ya Mlima, nyeupe ya Nyundo. Tupa mara moja, kubwa ishinde. Usije ukasema nimekuibia.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi namshukuru Mungu, ila mgongo.

Bahasha imefika. Nimetupa juu ya meza ya kupigia pasi, wenzangu wawili wakiona. Nyekundu tano, nyeupe mbili. Pole, mdogo wangu, mchezo ndivyo ulivyo. Mgeuze Mama kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Habari za dadu usimwambie.

Dada yako

20 Agosti

Dada,

Hujambo? Sisi tupo.

Kiwanda kimeajiri mwingine. Lakini sikuandikii hilo. Jana nilikuwa nafua foronya ya Mama, nikakuta kitu kigumu kwenye mshono. Dadu nyekundu.

Nikakumbuka: bahasha ile aliifunga yeye. Aliniomba, akasema mkono mmoja unatosha kubandika gundi. Nikamwendea nayo kiganjani.

"Mama, hii imefikaje huku?"

"Niliitoa."

"Kwa nini?"

"Niliwasikia kwenye simu. Atakayeshindwa ndiye ananipata mimi, sivyo? Nikasema, ngoja niwavurugie. Dada yako akikuta moja ataandika kwamba imepungua, mtaona aibu, mtaacha." Akaongeza, "Nilingoja. Barua ikaja, ukakaa kimya, ukaanza kunigeuza kila baada ya saa mbili. Nikajua kwamba dada yako ametupa hivyohivyo."

Basi Dada, hiyo nyekundu iliyoangukia tano, ulitupa ya nani?

Mdogo wako

11 Septemba

Mdogo wangu,

Sijui nianzeje kukujulia hali.

Nilikuta nyeupe peke yake. Nilikaa nayo siku tatu. Kila nikishika kalamu nikuandikie, naona chumba kile cha Mama, beseni lile la kumwogeshea, nikajiambia hata kwenye gazeti Mlima alishinda. Mashahidi sikuwa nao. Nisamehe.

Lakini nawe ulitupa siku kumi na nne ukiwa peke yako. Nani alikuona? Ushindi kumi na mbili kwa kumi na mbili, sawa kama umepima kwa rula.

Nimeomba ruhusa. Nakuja Desemba. Mwambie Mama.

Dada yako

6 Oktoba

Dada,

Mimi mzima. Kuhusu Mama sina la kukuambia, hayuko kwangu.

Umesema kweli. Siku ya tisa Nyundo alianguka, nikatupa tena. Siku ya kumi na mbili pia. Nilikuwa nyuma, nikaogopa.

Barua yako nilimsomea yote, na haya yangu nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniagiza nimwite mama mdogo. Walikuja na gari kesho yake asubuhi. Nikamwambia, "Mama, nyumba hii ni yako." Akasema, "Najua. Ndiyo maana nawaachia. Mtagawana." Alikataa nimbebe. Wajukuu wa mama mdogo ndio waliombeba, wakimtania kwamba amenenepa.

Ukija Desemba, usipitie huku. Jaribu kule kwa mama mdogo. Mimi nilikwenda Jumapili. Mama mdogo alitoka, akasimama mlangoni, akaniambia mgonjwa amelala. Niliitikia, nikaacha matunda kizingitini. Nilipokuwa nafunga geti nikamsikia Mama ndani, anacheka.

Mdogo wako